Siku ya Kunizika Duka Lisifungwe

Sogezeni viti karibu, wanangu, na hiyo televisheni izimwe, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mpira. Wamaitha, wewe ni nesi, umeusoma uso wa daktari kama nilivyousoma mimi, kwa hiyo usinibembeleze. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwaka wa tisini na nane, nipo nyumbani kwangu hapa Woodbridge, huku ughaibuni, akili yangu ni timamu, na haya nayasema kwa hiari yangu mimi Muchoki, mbele ya watu watatu: Wainaina kifungua mimba wangu, Wamaitha binti yangu, na Gitau mtoto wa dada yangu, aliyeketi kule karibu na mlango kama mtu anayengoja kufukuzwa. Najua, Wainaina, hukutaka aitwe. Nimemwita mimi. Mwenye nyumba bado hajafa.

Nitasema kwa Kiswahili, kwa sababu marehemu mama yenu Jelagat hakuijua lugha ya kwetu wala mimi sikuijua ya kwao, tukaoana pale Nakuru kwa Kiswahili na tukawalea kwa Kiswahili, na kama wajukuu wananijibu kwa Kiingereza hilo ni lenu, si langu.

Nianze na mali, maana mtu hakatazwi kuulizia urithi wake. Nyumba hii ni ya Wamaitha. Shamba la Njoro ni la nyinyi wawili na lisiuzwe, mama yenu amelala pale. Duka la bunduki pale barabara ya Route 1, kati ya dobi na kile chumba kitupu, ni la Wainaina, leseni mpya tayari iko kwa jina lake, na tangu tuvunjiwe ndiye aliyelijenga upya kwa mikono yake.

Sasa sikiliza, Wainaina, na usiniambie unayajua. Kila jioni bastola zote zitoke kwenye kabati la kioo ziingie ndani ya sefu iliyofungwa sakafuni kwa bolti, hata kama umechoka, hata kama mkeo anapiga simu kwamba chakula kinapoa, na kabati tupu liachiwe taa ili mwizi akichungulia aone hakuna kitu. Zile nguzo za simiti mbele ya dirisha, mwenye jengo akilalamika kwamba zinaharibu sura, mwambie sura ya duka lenye gari lililoingia ndani ni mbaya zaidi. Wavu wa chuma tuliouweka upande wa chumba kitupu ukague kila mwezi, kwa maana kuta za nchi hii ni jasi na karatasi, mtu akikasirika anaweza kuzitoboa kwa goti. King'ora kiwe na njia mbili, ya simu na ya redio, maana waya hukatwa. Nakala ya daftari la namba za bunduki ilale nyumbani. Mfanyakazi akiondoka, hata akiondoka kwa wema, badilisha namba za king'ora siku hiyo hiyo.

Hayo ni mambo ya chuma, na chuma ni rahisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulijenga ukuta kweli, mzuri, na ufa tukauacha wazi miaka miwili. Ufa wenyewe ni mimi.

Mnajua kwamba nilitunza ghala la silaha la polisi Nakuru miaka kumi na moja bila kupotea hata risasi moja, na nilipofika huku yule mzee fundi wa bunduki aliniachia duka lake kwa sababu alisema hajaona mtu mwenye mdomo mzito kama wangu. Nikajisifu, lo, nilijisifu! Kisha mwaka wa tisini na sita mama yenu akafa, kanisa likatuchangia, tukasafiri sote kumpeleka Njoro, akabaki Gitau peke yake, aliyekuwa akitufanyia kazi dukani mwisho wa wiki, akitoka kazini kule kwenye nyumba ya kutunza wazee apitie dukani mara moja kwa siku kuangalia. Siku ya sita watu waliingia kile chumba kitupu, wakatoboa ukuta, wakachukua bastola tisa. Gitau ndiye aliyeona, ndiye aliyeita polisi, ndiye aliyenipigia simu nikiwa bado na fulana ya kuchimba kaburi. Aliniambia, “Mjomba, wamevunja. Wewe zika kwanza, haya yatangoja.”

Tuliporudi, afisa wa upelelezi aliuliza swali moja tu: hao watu walijuaje kwamba duka halina mtu, na kwa siku ngapi? Nawe Wainaina ukanyoosha kidole. “Funguo anazo yeye, tarehe anazijua yeye, nani mwingine?” Gitau hakumtazama afisa, wala hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, akangoja. Nami nikatazama sakafu.

Usinikatize, Wainaina. Keti. Anayekufa hakatizwi.

Asubuhi ya safari, mlipokuwa mkipakia masanduku, nilisema nakwenda kuhakikisha kufuli. Nilikwenda kuandika tangazo. Niliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: Tumesafiri kwenda Kenya kumzika mama wa nyumba hii, tutafungua tena tarehe kumi na tisa, tunaomba radhi. Nikalibandika kwenye kioo cha mlango. Mtaniuliza kwa nini, na jibu ni la aibu kwa udogo wake: ni adabu tu. Kwetu mtu akifiwa hafungi mlango kimya kimya, mteja akitoka mbali akakuta kufuli bila neno, ataona amedharauliwa. Basi mimi, mtunza ghala, mwenye mdomo mzito, niliwaandikia wezi barua na tarehe nikawawekea.

Gitau alipofika akakuta ukuta umetoboka, kabla ya kuita polisi alilibandua lile tangazo. Nililikuta kwenye droo yangu chini ya makopo ya mafuta ya bunduki, limekunjwa vizuri, selotepu bado iko pembeni. Hakutaka mtu aliyetoka kumzika mkewe aambiwe kwamba heshima yake ndiyo iliyoleta wezi. Akanifichia. Ukamfukuza kazi, Wainaina, akanifichia. Wakamtaja kanisani kwenye maombi kama watu wanavyotaja ugonjwa, akanifichia. Mama yake, dada yangu, akakata simu yangu na hajanipigia tena, na bado mtoto wake akanifichia. Mimi ile karatasi niliichoma kwenye sinki, nikafungulia maji.

Wala si hapo tu. Wezi wawili walipokamatwa, afisa alikuja dukani, wewe ukiwa nyuma unatoboa simiti, akaniambia mmoja wao amesema walisoma tangazo mlangoni. “Kulikuwa na tangazo?” Nikasema, “Sikumbuki.” Akaandika hivyo hivyo, akafunga kitabu. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimetembea nayo hadi kitandani.

Bastola saba zilirudi. Ya nane ilipatikana baada ya kumuua kinyozi mmoja kule mjini, mtaa wa Shaw, asubuhi, akiwa anafungua duka lake. Nilizitambua namba zake kwenye barua ya polisi kwa sababu niliziandika mimi daftarini. Nikapanda treni ya Metro nikaenda kwenye duka hilo, nikakaa kwenye kiti, ndugu wa marehemu akaninyoa, akaniuliza natoka nchi gani, nikamwambia Kenya, akasema angependa kufika siku moja. Nikamshukuru, nikaondoka. Ya tisa mpaka leo haijulikani iliko.

Basi, wanangu, wosia wenyewe ni huu. Nikifa nipelekwe Njoro nilazwe kando ya Jelagat. Kanisani semeni Muchoki amekufa, inatosha. Siku ya safari na siku ya kurudi zisisomwe wala zisiandikwe popote. Duka lisifungwe hata siku moja. Wainaina, utabaki wewe.

Ndiyo. Umesikia vizuri. Utafungua saa nne asubuhi na utafunga saa kumi na mbili jioni, na mteja akiuliza mzee yuko wapi, sema hayupo. Wamaitha na Gitau watanisindikiza, na udongo wa kwanza atautupa Gitau. Najua kwetu kifungua mimba ndiye anayeanza, najua wazee wa Njoro watauliza, na Wamaitha atawajibu kwamba mwenyewe nilisema. Sikuadhibu, mwanangu. Ulikosea kwa sababu baba yako alinyamaza, na kosa kubwa ni la baba. Lakini Gitau alibaki peke yake na duka wakati sisi tunazika, halafu tukarudi tukamwita mwizi, nawe nataka ukae hapo siku moja ujue panakaliwaje. Lia, hakuna ubaya. Mimi nimelia sana kwenye gari.

Wamaitha, Jumapili ijayo simama kanisani uyaseme haya yote, na jina langu ulitaje, kwa maana aliyechafuliwa hadharani hasafishwi jikoni. Gitau akitaka kurudi dukani apewe funguo mkononi. Akikataa asibembelezwe, ni haki yake. Nawe Gitau, sikuombi useme umenisamehe. Kumwomba mtu hilo mbele ya anayekata roho ni kumtega. Utaamua ukiwa kwako Gaithersburg, taratibu, hata kama itachukua miaka.

Wamaitha, inua mto. Zaidi kidogo. Hapo.

Mnajua wazee wetu hubariki kwa mate. Baba alinitemea kifuani siku nilipoondoka, nami nilipanga... niwabariki mmoja mmoja, nikianzia kwa mkubwa. Lakini dawa hizi zimenikausha kinywa. Hapana, glasi weka chini. Maji ya bomba si baraka yangu.

Mate yapo... yanamtosha mtu mmoja.

Gitau. Njoo. Wainaina, msimamishe, mshike mkono umlete. Mfungue kifungo cha shati wewe, kifua kiwe wazi. Karibu. Karibu zaidi, mjomba haoni.

Haya. Uishi. Uzae. Ukiingia mahali, watu wasimame wakupe kiti. Amani, mwanangu, amani.

Nanyi wawili... baraka yangu imekwisha. Mtaipata kwake, akipenda kuwapa.