Mgongo wa Nyanda Mayunga

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Ambao betri za redio zenu zimechoka, zianikeni juani upesi, maana habari za mtu wa leo hazipaswi kukatikia njiani.

Tunamkumbuka Mzee Nyanda Mayunga, mkulima wa pamba wa Sapiwi, aliyezikwa Jumamosi. Nyanda Mayunga. Ukisikia kicheko mashambani, ulijua yupo.

Nyanda aliongoza kikundi cha kulima. Ngoma inapigwa, majembe yanashuka pamoja, mstari unasonga. Na mstari ule ulikuwa na mwiko wake: hakuna kunyoosha mgongo kabla ya kufika mwisho wa shamba. Anayenyooka anataniwa. Mtaniaji mkuu, nani? Nyanda.

“Unatafuta mvua huko juu?” alikuwa akiuliza. “Inama, wakwe wanakuona.”

Rafiki yake Shija Ngassa alitaniwa hivyo mpaka akakiacha kikundi, akawa analima na mkewe tu.

Ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, na mlango wa ghala la ushirika ukaota utando wa buibui. Kila mtu akapanua shamba. Nyanda naye akapanua, na mvi zake kichwani.

Mkewe, Mama Ng'washi, ndiye aliyeona kwanza. Asubuhi mumewe alishuka kitandani kwa kuviringika kama gogo, akashika ukuta, akatulia hapo. Kiuno kinawaka. Akifika mbele za watu, anacheka.

“Baba Scola, leo shambani unyooke kidogo,” alimwambia. “Pumzisha mgongo.”

“Ninyooke? Shija akisikia atakufa kwa kicheko. Unataka nimuue mtu?”

Mama Ng'washi alicheka. Anasema kicheko kile kimemkaa kooni hadi leo, kama mwiba wa samaki.

Palizi ya mwaka huo, siku moja walikuwa shambani kwa Nyanda mwenyewe. Mstari ukafika mwisho. Ngoma ikanyamaza. Wote wakanyooka. Nyanda akabaki ameinama, mikono magotini.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wake. Mmoja akamuuliza kama amedondosha jino. Wakapiga makofi. Mama Ng'washi, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa, akaona jasho likidondoka puani kwa mumewe.

“Huyu hachezi,” alisema. Hawakumsikia. Akasema tena: “Hachezi huyu.”

Walimlaza ubavu kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Hospitalini, picha ikaonyesha pingili za mgongo wa chini zimebonyea. Daktari akamweleza: mgongo wa mtu mzima hautaki kuinamishwa kutwa. Piga goti. Nyooka mara kwa mara. Mzigo ushike karibu na mwili. Maumivu yaseme mapema. Ushauri mzuri, wasikilizaji. Ulimkuta keshachelewa. Tangu siku ile Mzee Nyanda hakunyooka tena.

Shija alikuja kumwona, na fimbo aliyoichonga mwenyewe.

“Ndugu yangu, mimi nilikuwa natafuta mvua,” alimwambia. “Wewe ulikuwa unatafuta nini chini?”

Nyanda akacheka mpaka kiuno kikamkataza. Kisha akalia. Binti yake Scola anasema hakuwa amewahi kuona chozi la baba yake.

Miaka ikapita, ameinama vile vile. Alipofariki wiki iliyopita, vijana wa msiba walitaka kumnyoosha ili jeneza lifungike. Mama Ng'washi akaweka mkono juu ya mgongo ule.

“Mwacheni,” alisema. “Alipokuwa bado anaweza kunyooka, tulimcheka. Leo msimnyooshe kwa nguvu.”

Akalazwa kwa ubavu, katika kaburi lililochimbwa pana.

Pole Mama Ng'washi. Pole Scola na ndugu zako. Pole Shija, uliyebaki bila wa kukutania. Mungu ampumzishe Mzee Nyanda Mayunga.

Na sisi tulio hai, palizi ndiyo hiyo imeanza. Kando yako mstarini yupo mtu mzima ambaye kiuno kinamuuma, na hatasema. Anaogopa kuwa wa kwanza. Basi nyooka wewe kwanza, akucheke.