Nani Alikunywa Maziwa?

Benchi la kijiwe hiki ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la fotokopi, mahali ambapo kivuli hufika mapema na watu hufika mapema zaidi. Mwenye benchi, kwa madai yake mwenyewe, ni Msumari, fundi viatu, ambaye ameshona soli za mtaa mzima na bado hajajua kushona mdomo wake. Kulia kwake hukaa Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama, na ambaye alibeba mafaili ya kesi za watu kwa miaka mingi hata akaamini alizikata yeye. Brashi, mchoraji wa mabango, hukaa pembeni, maana rangi humganda mpaka mgongoni na hakuna anayetaka kumwegemea. Dada Birika yeye husimama na jiko lake la mkaa, akimimina kahawa nyeusi tu. Maziwa hataki hata kuyasikia, anasema yanachacha, na wateja wake ni watu wa kikombe kimoja mpaka jioni. Alasiri ile Mwalimu Irabu wa darasa la kwanza alifika na bahasha kubwa kifuani, akakaa bila kusalimia, na mtu asiyesalimia kijiweni ama ana msiba ama ana habari.

— Nani amefariki? akauliza Msumari.

— Hajafa mtu. Darasa langu limefeli.

— Wangapi?

— Nimesema darasa. Hata wale wa mbele.

Dada Birika akamtilia kikombe. Mwalimu akakishika tu, hakunywa.

Jina la Irabu alipewa kwa sababu ya kuimbisha a, e, i, o, u mpaka wapita njia wakawa wanaitikia. Lakini muhula huu aliacha kuimbisha. Alikuwa akitunga karatasi zake mwenyewe za kusoma na kuandika: hadithi fupi juu, picha katikati, swali chini na mistari ya kujibia. Zoezi likiisha huchukua mkasi, akakata kila karatasi chini ya picha. Nusu ya juu mtoto huenda nayo nyumbani kuwasomea wakubwa, nusu ya chini hubaki kwake asahihishe. Alizipenda karatasi hizo kama mtu anavyopenda bustani aliyoilima kwa jembe lake. Mwalimu Mkuu hakuzipenda. Alisema zinakula wino bure, na kwamba yeye mwenyewe alijifunza kwa kuimba na ona alipofika.

— Kesho asubuhi anataka nusu zote za chini mezani kwake, akasema Mwalimu. Akikuta wameshindwa, habari ya karatasi imekwisha. Tunarudi kuimba.

— Kuimba si kubaya, akasema Msumari. Mimi niliimba mpaka darasa la nne.

— Na kusoma unajua?

— Naimba.

Mwalimu akachomoa nakala moja nzima iliyokuwa imebaki. Jaji akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma kwa sauti ya kumwita mshtakiwa:

— "Mama aliweka maziwa mezani. Mama akatoka nje. Paka akaingia. Mama akarudi. Maziwa hayapo." Swali: "Nani alikunywa maziwa?"

— Mbona jepesi hilo, akasema Dada Birika.

— Jepesi, ndiyo. Jibu halijaandikwa kwenye hadithi, mtoto anatakiwa afikiri kidogo. Kidogo tu, dada yangu. Sasa sikilizeni walichofikiri.

Akafungua bahasha, akaanza kusoma nusu za chini moja moja.

— "Si mimi." "Si mimi mwalimu." "Mimi sikuwepo." "Si mimi mimi nilikunywa maji." Huyu ameandika jina la jirani yake wa dawati. Na jirani yake, huyu hapa, ameandika jina la huyo.

— Mchuma janga hula na wa kwao, akasema Jaji kwa uzito.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Msumari.

— Kula na kunywa si jambo moja?

— Na paka? akauliza Dada Birika. Paka kaandikwa na wangapi?

— Hakuna, akasema Mwalimu. Hakuna hata mmoja.

Usiku ule alipoitunga hadithi hiyo alikuwa amejisifu kimoyomoyo. Sasa alijiona mjinga, tena mjinga mwenye bahasha.

Dada Birika akainama juu ya bega la Jaji, akaitazama picha kwa muda.

— Samahani, akasema. Paka ni yupi?

Wote wakamgeukia Brashi, mchoraji wa picha hiyo. Pichani, kando ya meza, alikaa kiumbe juu ya kiti, amekunja nne, nywele zimechanwa ubavuni kwa mstari ulionyooka, na juu ya mdomo ana sharubu nyembamba za kupunguzwa kwa wembe.

— Mimi ni mtu wa mabango ya vinyozi, akasema Brashi. Kichwa chochote kikipita mkononi mwangu lazima kitoke kimenyolewa. Lakini masikio ni ya paka. Mtazameni masikio.

— Masikio sawa, akasema Msumari. Ila sura hii naijua. Hii si sura ya Mwalimu Mkuu?

Mwalimu akafumba macho.

— Ndivyo walivyoandika wengine, akasema. "Ni Mwalimu Mkuu." Kuna mmoja ameongeza, "nilimuona".

Msumari akavua kofia, kama mtu anayepisha jeneza.

— Na ndiye atakayezisoma kesho, akasema Brashi taratibu.

— Ndiye.

Jaji akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. Mwalimu akajua wameshapotea.

— Tuanze na mambo ya msingi, akasema Jaji. Paka aachiwe huru. Hadithi inasema paka aliingia. Kuingia si kunywa. Mimi naingia lile duka la nguo kila siku, na sijawahi kununua hata kifungo.

— Ni mama, akasema Msumari. Kaweka mwenyewe, katoka mwenyewe, karudi mwenyewe, kashangaa mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Yalikuwa mezani.

— Meza haina kitambaa? Halafu kwa nini alitoka? Mtu haachi maziwa mezani akatoka hivi hivi. Alikwenda kutafuta mashahidi.

— Alikwenda kuanika nguo, akasema Mwalimu.

— Imeandikwa wapi?

Mwalimu akaitazama karatasi yake mwenyewe. Haikuandikwa.

— Paka yule hanywi maziwa, akasema Brashi. Nimemchora mimi, namfahamu. Mtu aliyekunja nne vile anasubiri kahawa.

— Mimi naenda mbali zaidi, akasema Jaji. Nasema maziwa hayakuwepo tangu mwanzo. Hebu nionyesheni maziwa kwenye picha.

Vichwa vikakutana juu ya karatasi. Meza ilikuwepo. Juu ya meza hapakuwa na kitu.

— Yapo, akasema Brashi. Maziwa ni meupe na karatasi ni nyeupe. Ulitaka niyachore vipi?

— Kikombe je?

— Kikombe pia cheupe.

— Kesi imekufa, akasema Jaji. Hakuna maziwa, hakuna mwizi. Haraka haraka haina baraka.

— Mimi naona ni meza, akasema Msumari. Msicheke. Nilikuwa na meza ya mbao laini, ukimwaga chai haidondoki hata tone, inafyonza yote. Bandu bandu huisha gogo.

— Kwa hiyo gogo ndilo lililokunywa?

— Kwani meza si gogo?

Jaji akalifikiria jambo hilo kwa makini ya kutisha.

— Meza ina miguu minne, akasema. Paka ana miguu minne. Shahidi aliyekuwa mbali angeweza kuchanganya.

Mwalimu Irabu hakucheka. Alikuwa ameshika kalamu nyekundu na hajui aishushe wapi. Akipiga alama ya kosa majibu yote, kesho wataimba. Akiweka vema, Mwalimu Mkuu atamuuliza tangu lini jibu la swali likawa "si mimi". Mwisho akatoa nusu karatasi moja aliyokuwa ameiweka peke yake kwenye mfuko wa shati.

— Hii sikutaka kuwaonyesha, akasema.

Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda nje ya mistari: "Ni mimi. Nisamehe mwalimu."

— Ya nani? akauliza Dada Birika.

— Ya yule binti anayekaa dirishani. Nilikusimulia habari zake. Mpaka juzi juzi hakuwa akitoa hata sauti.

— Amekiri, akasema Jaji. Sasa tuna kesi.

— Hakunywa chochote, Jaji. Hakuna maziwa. Umesema mwenyewe.

— Aliyekiri amekiri. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Nyie wanaume, huyo ni mtoto, akasema Dada Birika, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyekuwa na methali.

Ndipo akatokea mama mmoja aliyevaa aproni ya jikoni ya hoteli, anatembea haraka, mkononi ana kidumu cha plastiki.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo mama, karibu.

— Asanteni. Namtafuta mwalimu wa darasa la kwanza. Shuleni wameniambia hakosi hapa.

— Ndiye mimi, mama, akasema Mwalimu, akiinuka.

— Mimi ndiye mama yake yule anayekaa dirishani. Jana alirudi analia, chakula hakugusa. Nikambana, akasema kuna mama amepoteza maziwa. Yalikuwa mezani, akatoka kidogo tu, kurudi hayapo. Na mwalimu anauliza nani kayanywa. Sasa mwanangu anadhani ni yeye, maana maziwa anayapenda, na anasema huenda aliyanywa akasahau.

Akakiweka kidumu juu ya benchi, kati ya Jaji na Msumari.

— Sisi hatuna tabia ya udokozi, mwalimu. Nimeleta ya kulipa. Nimpe nani?

Msumari akaokota kiatu, akaanza kukigongea msumari ambao ulikuwa umeshaingia wote. Brashi akaitazama picha yake kana kwamba yule wa kukunja nne angejibu.

— Mama, akasema Mwalimu, hakuna mama.

— Amefariki?

— Hajafa. Hakuwepo.

— Sasa maziwa aliweka nani mezani?

Swali lilikuwa gumu kuliko lake, na Mwalimu hakuwa na mstari wa kujibia.

— Ile hadithi, akauliza hatimaye, nyumbani aliyewasomea ni nani?

— Yeye mwenyewe. Mimi kusoma sijui. Nilimwambia nisomee nisikie, pengine hukuelewa. Akanisomea mara mbili, anaweka kidole kwenye kila neno, na mara zote mbili alipofika kwenye "maziwa hayapo" akalia.

Mwalimu Irabu akasimama pale na kalamu yake, na moyo ukamjaa hata akaona haya mbele ya watu. Huyu ni mtoto ambaye wakati wa kuimba alikuwa akifungua mdomo bila sauti. Amesoma peke yake, neno kwa neno, na alichokisoma kimemnyima chakula. Na wale wengine wote waliojitetea, wale waliosingiziana, hata yule aliyemuona Mwalimu Mkuu, hakuna aliyebahatisha herufi. Walikuwa wamesoma swali wakadhani wanaulizwa wao. Mtoto asiyejua kusoma haogopi karatasi.

Akaiweka nusu ya binti wa dirishani juu ya goti, akaipigia vema kubwa, nyekundu, iliyopanda nje ya mistari.

— Mama, kesho asubuhi njoo naye, akasema. Tuingie wote kwa Mwalimu Mkuu. Amsomee kama alivyokusomea wewe.

— Atalia.

— Nakuomba alie. Nami nitamwambia mwenyewe kwamba hana kosa.

— Na maziwa?

— Yaache hapa kwanza, akasema Mwalimu.

Akamsindikiza mpaka kona, njiani akimweleza habari za paka, na mama yule akiuliza kwa nini basi paka huyo hakuchorwa. Walipoagana Mwalimu alimsikia akicheka peke yake akienda zake, na mzigo aliokuja nao yeye tangu shuleni ukawa nusu. Akarudi kijiweni anatembea kama mtu aliyelala vizuri.

Kidumu kilikuwa palepale benchini. Kifuniko kilikuwa chini. Mwalimu akakiinua, akakitikisa, akakigeuza. Tone moja likadondoka kwenye kiatu chake.

Akawatazama. Kahawa katika vikombe vyao ilikuwa na rangi ambayo haijawahi kuonekana kwenye benchi lile. Dada Birika alikuwa amewapa mgongo, anapuliza mkaa uliokwisha kuwaka.

— Nani alikunywa maziwa? akauliza Mwalimu.

— Si mimi, akasema Msumari.

— Mimi sikuwepo, akasema Brashi, ambaye hakuwa ameinuka tangu saa sita.

Jaji akapangusa sharubu zake nyeupe, ambazo kwa kawaida ni za kijivu, akafikiri kwa muda unaostahili cheo chake.

— Paka, akasema.

Mwalimu Irabu akatazama barabara upande huu na upande ule. Kisha akaushika mkono wa Jaji, akakifungua kiganja, na kwa kalamu nyekundu akampigia vema, kwa sababu tangu jana huyu ndiye mtu wa kwanza kulipata jibu.