Mpiga Ngoma Aliyeshuka Jukwaani

Kijiwe cha Fundi Sindano na wenzake kilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa muziki, hatua chache kutoka lango la uwanja wa mpira: benchi moja refu, na cherehani ya fundi huyo pembeni. Siku ya sita sasa, kila Sindano akiinua macho alikutana na nafasi tupu ya Radi, mpiga ngoma wa bendi ya ukumbini. Walimwita Radi kwa sababu akizigonga ngoma mle ndani, vikombe vya Mama Kahawa, muuza kahawa wa kijiweni, hutetemeka huku nje. Jumamosi iliyopita ukumbi ulifurika, watu wanacheza mpaka mashati yanawaganda mgongoni. Katikati ya wimbo Radi akaweka vijiti chini, akashuka jukwaani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo, kimya.

— Nawaambia ni penalti, alisema Refa, aliyewahi kupuliza filimbi kwenye mechi za mtaani na mpaka leo hukumu zake hazina rufaa. Dakika ile ile timu yetu ilipata penalti. Uwanja mzima kelele! Mtu mwenye damu mwilini angekaa?

— Penalti kitu gani! alidakia Mkaa, mchoma kuku wa langoni. Ile ilikuwa harufu. Nilikuwa nageuza mapaja, moshi ukaingia ukumbini wenyewe. Mwimbaji alimeza mate, nikamsikia kwenye spika.

— Sasa mbona hakuja kununua?

— Aibu, Refa. Mtu mzima yule.

— Wacha wewe! alisema Refa. Keshachukuliwa. Bendi ya ng'ambo imemsajili. Saa hizi anapiga uwanjani, mbele ya watu laki moja.

— Na zile suruali zake nilizoziona kwenye kamba asubuhi?

— Suruali huachwa! Huko kapewa mpya.

Mama Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini. Sindano hakucheka. Yeye alikuwa na lake moyoni. Mashati mapya ya bendi aliyashona yeye, na shati la Radi alilibana kwapani ili likae vizuri. Siku sita alikuwa akijiambia kwamba mkono ulikwama, mdundo ukapotea, rafiki yake akaaibika mbele za watu kwa sababu ya mkasi wake.

Hapo akafika dada mmoja muuguzi, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, kuchukua sketi yake. Alisimama akawasikiliza, huku mapaja ya kuku na bendi za ng'ambo vikipita kichwani mwake.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Huyo mzee anaishi mbali?

— Mbali wapi, mtaa wa pili tu hapo.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

Refa akamtazama Mkaa. Mkaa akatazama kikombe chake. Sindano akakanyaga cherehani, na kitambaa hakikuwamo.

— Ina maana hakuna aliyemwuliza?

Mama Kahawa ndiye aliyenyanyuka. Akabeba birika na vikombe, akasema:

— Twendeni.

Walimkuta Radi chumbani kwake, kitandani, redio imefunguliwa kwa sauti ya kupasua ukuta. Waligonga, wakagonga tena, mwisho wakajiingilia. Sindano hakungoja salamu.

— Ndugu yangu, ni lile shati? Nilibana kwapa. Niambie tu.

— Shati? Radi alizima redio. Shati limenikaa kama nimezaliwa nalo. Ni sikio, Sindano. La kushoto. Nilikuwa napiga, gitaa la besi likakatika. Nikadhani spika imekufa. Kugeuka, namwona mpiga besi vidole vinakwenda mbio, na mimi upande huo sisikii kitu. Nikatoka nje nipate hewa. Barabarani pikipiki ikanipita hapa kushoto, dereva ananipigia honi na kunitukana, na hata hiyo sikuisikia mpaka imenipita.

Muuguzi alikuwa amewafuata na sketi yake mkononi. Akamwambia Radi aende hospitali kesho asubuhi, yeye mwenyewe yuko zamu, atampokea mlangoni. Akasema huenda ni kitu cha kutibika, huenda siyo, lakini kulala hapa hakuponyi sikio.

— Nitakwenda, alisema Radi. Halafu akawatazama mmoja mmoja. Ila niambieni. Miaka yote hii ni Radi, Radi. Nikiacha ngoma, pale kijiweni nitakuwa nani?

Mkaa alijikuna shingo.

Mama Kahawa akamimina kikombe, akamshikisha mkononi.

— Kunywa, ipo moto bado.

Radi akapiga funda. Refa hakuweza kujizuia tena:

— Lakini penalti uliisikia?

— Nini?

— Penalti!

— Sikuisikia. Tulifunga?

— Ilitoka nje, juu kabisa!

Radi akacheka, kicheko chake kile kikubwa, mpaka kahawa ikammwagikia magotini. Sindano akainuka alipokuwa amekaa, akazunguka kitanda, akaenda kuketi upande wa kulia wa Radi, kwenye sikio linalosikia.