Kipande cha Kanga Kwenye Mguu wa Meza

Assalaam alaykum. Ndugu zangu mnaosomesha wadogo nyumbani, mkiona nimeishika hii meza, niachieni niishike. Haya nitakayosema bado yananitisha. Majina ya watu sitayataja.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka sita. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi hotelini Bwejuu, huja mjini siku za mapumziko tu. Skuli ya karibu ilikuwa imejaa, tukakubaliana nimsomeshe mimi mpaka mwaka unaofuata.

Nilifurahi, nawaambia kweli. Nimesoma mpaka sekondari, na khati yangu ilisifiwa. Asubuhi tulichora, kisha tukaandika, kisha tukatoka kutazama msimu umeleta nini. Wakati wa maembe tuliosha kokwa, tukazipaka rangi zikawa samaki. Majani ya mti wa mkungu yalipokuwa mekundu tuliyaokota, tukayawekea karatasi juu na kuisugua kwa rangi mpaka mishipa ya jani ikatokea.

Lakini mtoto alikuwa wa mkono wa kushoto. Kuchora nilimwachia. Kuandika, hapana. Mnajua tulivyolelewa: unakula kwa kulia, unapokea kwa kulia, unaandika kwa kulia. Nilihofia aibu ya chuo cha Kurani, watu waulize nani kamlea. Aibu hiyo ilikuwa yangu, si yake.

"Babu, mkono huu haujui."

"Utajua."

"Ule mwengine unajua."

"Nshakwambia, ule si wa kuandikia!"

Nikachana kipande cha kanga kuukuu, nikaufunga mkono wake wa kushoto kwenye mguu wa meza. Ikawa desturi. Namfunga, natoka, nikirudi nauliza, "Umeandika?"

Namwona mama mmoja pale kaziba mdomo. Uzibe tu, mwanangu. Mimi wangu niliuacha wazi, nikifoka.

Jirani yetu alituona siku moja. "Mzee, mtoto umemfunga kama mbuzi wa sikukuu?"

"Mbuzi haandiki, Bibie," nikamjibu, nikacheka.

Ikaingia masika. Sisi tuliokaa Mji Mkongwe tunazijua nyumba zetu: chokaa ikinywa maji, ukuta unatoka tumbo. Wa chumbani kwetu ulishatoka. Niliuona. Nikasema nitamwita fundi mvua zikipungua.

Asubuhi moja nilimfunga, nikarudisha mlango, nikashuka kununua mkate. Pale dukani nikanogewa na mazungumzo. Mara nikasikia kishindo kizito, kama gunia la mchanga limetupwa. Nikatazama juu. Dirishani kwetu linatoka vumbi jeupe.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Mlango ulizuiwa na mawe kwa ndani. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Ndugu zangu, hofu yangu haikuwa mawe. Ilikuwa kile kitambaa. Mtoto mwengine angekimbia. Wangu nilimfunga mwenyewe.

Vijana wa mtaani wakausukuma mlango. Ukuta wa upande wa kitanda haupo, mvua inaingia. Mtoto kakaa pale pale mezani, mweupe kwa chokaa, macho wazi, jiwe limeishia miguuni pake. Mkono bado umefungwa. Vidole vyangu vikashindwa kulifungua fundo. Jirani alilifungua kwa meno.

Hakuwa na jeraha. Lakini tangu siku ile hakusema neno.

Tukahamia Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Daktari akamtazama koo na masikio, akasema vizima, tusubiri. Binti yangu akaniuliza, "Baba, ulimfunga?"

"Nilimfunga."

Akatoka uani. Aliporudi akasema, "Usimfundishe kitu tena." Mtoto kila alipokuwa akinitazama nilikuwa nikiogopa kwamba sauti ile nimeizika mimi, na kwamba nitakufa sijaisikia.

Jirani hakutuacha. Alikuwa akija, anamwekea karatasi na rangi mkekani, anaondoka bila kumwambia chora. Mtoto akaanza kuchora, kwa kushoto, kimya kimya.

Zikaja mvua za vuli. Siku moja nimekaa mezani, mtoto akanijia na kipande cha kanga. Akaufunga mkono wangu wa kulia kwenye mguu wa meza. Akanitia penseli mkono wa kushoto. Akatoka, akaufunga mlango.

Mvua ikapiga mabati. Fundo lile la mtoto ningelivuta lingefunguka. Sikulivuta. Jasho likanitoka, nikaanza kutazama kuta. Nikajaribu kuandika jina lake, herufi zikaanguka huku na huku.

Mlango ukafunguliwa. Akaja, akaitazama karatasi.

"Umeandika?"

Neno la kwanza tangu masika! Nikasema, "Nimejaribu. Mkono huu haujui."

Akaiinua karatasi. "Mbaya sana, Babu," akasema. Akanifungua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani, na wale vijana, na binti yangu ambaye angeweza kumchukua mtoto wake na hakumchukua. Nanyi nawaomba jambo moja: kabla hujamsahihisha mtoto, jiulize aibu unayoikimbia ni ya nani.

Sasa yuko skuli, anaandika kwa kushoto, na khati yake ni nzuri. Lakini mvua ikianza huja kukaa karibu na mlango, nami hukaa karibu naye. Mlango tunauacha wazi.