Zdeňka Kubíčková na Neno la Mkalimani

Ndugu zetu wa Třebíč, majirani wa Židenice na wenzake wa kazini, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Zdeňka Kubíčková, kama mumewe, mzee Oldřich, alivyoyasimulia juzi.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 mjini Třebíč, binti wa fundi viatu, akasoma huko hadi 1963, akahitimu lugha za Kislavoni hapa Brno mwaka 1968, na mwaka 1970 akaajiriwa katika ofisi ya kamusi ya asili za maneno. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Oldřich, dereva wa tramu, wakajaliwa mtoto mmoja, Vlasta, mwaka 1973.

Mwaka 1989 alikabidhiwa neno la mkalimani, *tlumač*, aandike asili yake, ambalo Wapolandi, Warusi, Wahungari na Wajerumani wanalo pia, kila watu kwa matamshi yao, na wengi husema lilitoka kwa Waturuki, ila Waturuki walilipata wapi, hapo kila mtaalamu ana lake. Alimwahidi mumewe kwamba likipita tu atastaafu, waende wakaishi karibu na bahari. Ofisini kwao neno husomwa mbele ya wote, mmoja akiinua mkono kupinga linarudi kuandikwa upya, na mara tatu aliyeinua mkono alikuwa Zdeňka, mwandishi mwenyewe.

"Mama Vlasta, hilo neno limetumaliza," Oldřich alimwambia.

"Hata mimi limenichosha, mzee wangu, lakini niandike nisichokijua?"

Machi 2011 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 3 Novemba wenzake walimfuata wodini, wakiwa wameafikiana kwa huruma kwamba safari hii lipite, wakamsomea, na hakuna aliyeinua mkono. Oldřich alikuwa ameushika mkono wa mkewe, akahisi unataka kwenda juu, akatamani kuubana, kwa maana alikuwa amesubiri miaka ishirini na miwili, kisha akauachia. Mkono ukainuka. Alifariki tarehe 9 Novemba, na neno halijapita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu, na ninyi wenzake, ambao tunawaomba msilipitishe kwa ajili ya kutufariji.

Umechoka, Zdeňka, na sisi tumechoka. Pumzika kwa amani.