Udongo Uliomwagiwa Maji ya Moto

Muzee Niyibizi alikuwa amepakata beseni la miche ya nyanya, myembamba na ya manjano, ndani ya taksibasi ya Keshero. Mama mmoja muuza miche, ambaye hakuulizwa na mtu, akachungulia.

"Muzee, udongo huu uliumwagia maji ya moto?"

"Ndiyo, mama. Ulikuwa na nyuzi nyeupe, nikazani umeoza."

"Haukuoza! Ile ni ndugu ya uyoga. Inashikaka mizizi, inailetea chakula."

Konvoyeri, mkusanya nauli, akazima redio, si kwa heshima, ila apate kusikia.

Niyibizi akageukia dirisha. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akichanganya udongo wa kitalu chao cha zamani. Tangu azikwe, yeye anasafisha kila kitu, hata kikombe ambacho hakuna aliyekinywea.

"Omba jirani kiganja kimoja cha udongo wake wenye nyuzi, uchanganye na huu," mama akasema.

"Tangu matanga sijapiga hodi kwa mutu."

"Basi anza."

"Ya nini? Mimi niko peke yangu, na sikufa."

Gari likasimama. Mama akaitazama miche, kisha akamtazama yeye.

"Na hii pia haijakufa, papa," akasema, akashuka.