Maziwa ya Veeresh

Ndani ya basi, kondakta Rudresh aliacha kukata tiketi, masikio yote kiti cha tatu. Bi Jayamma alikuwa amepakata kopo la maziwa, anakwenda mjini Mandya kuimwagia picha kubwa ya mwigizaji Veeresh nje ya sinema, kama afanyavyo kila filamu yake ya ngumi inapotoka. Safari hii Veeresh alikufa kabla haijakamilika.

"Mama, umepigwa changa la macho," alisema jirani yake wa kiti, mzee fundi cherehani. "Nusu ya pili kacheza mtu mwingine, anaonyeshwa mgongo tu."

"Najua. Sasa nimsuse kwa kuwa kafa hajamaliza kazi?"

"Basi hayo maziwa ni ya shangwe au ya kaburini?" Maana kwao hata kaburi humwagiwa maziwa, siku ya tatu.

Rudresh aliona swali limekaa vibaya, lakini naye alitaka jibu.

Jayamma alikaza kifuniko. "Siku ya tatu polisi walifunga njia ya kaburini, sikufika. Haya ndiyo yale niliyokosa kummwagia."

Basi likasimama mbele ya sinema. Mzee akatangulia kushuka, akapokea kopo kwa mikono miwili.

"Ila ule mgongo wa kwenye filamu si wake," alisema, akilibeba kopo kuelekea kwenye picha.